Mahali Palipopimwa

Karakana nzima ilimwita Siku Mbili, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa na mkuu wake wa kazi katika mwaka wake wa kwanza, kwa kuwa kila mwezi zilikuwapo siku mbili ambazo fundi huyu hakuonekana kazini, au alionekana amejikunja kwenye benchi, rangi imemtoka, na ndoo ya taka kaisogeza karibu asije akatapika sakafuni. "Leo Siku Mbili yuko kwenye siku zake mbili," walisema wanaume wa pale, kisha wakacheka kicheko cha watu ambao hawajawahi kuumwa na kitu kikubwa kuliko jino. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hao walikuwa hai kupita kiasi.

Alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali, mwanamke pekee kati ya mafundi saba. Karakana ilikuwa nyuma ya jengo la kufulia, chumba kirefu kinachonuka risasi ya kulehemu nyaya na sabuni ya mashuka. Mizani za watoto wachanga, mitungi ya oksijeni, taa za chumba cha upasuaji, vitanda vilivyokwama kichwa kikiwa juu, vyote vilipita mikononi mwake. Tena alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake: alisoma vijitabu vya maelekezo. Wenzake wakipokea mashine walikimbilia bisibisi. Yeye alivuta kiti, akasoma toka jalada hadi jalada, mpaka yale maandishi ya sisimizi ya ukurasa wa mwisho yanayokukataza kuosha mashine kwa maji. Ndiyo maana ni yeye aliyeziona pini.

Katika chumba cha mazoezi ya viungo palikuwa na mashine nne ndogo, kila moja kama redio ya mfukoni, zenye nyaya mbili na vibandiko vinne. Unabandika vibandiko kwenye ngozi, unawasha, umeme mdogo sana unapita na kuisisimua neva, ile njia inayopeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Njia ikishajaa ule mwasho, maumivu hukosa nafasi, au hupita yakiwa yamepoa. Zilitumika kwa migongo ya madereva, magoti ya wacheza mpira na mabega ya wakubwa. Siku hiyo mashine namba mbili ililetwa waya umekatika, na kijitabu chake kikaja nacho ndani ya mfuko.

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa umebanwa na wa kumi na tano kwa pini mbili, moja juu na moja chini. Akadhani ni kosa la kiwandani. Akazing'oa kwa ncha ya bisibisi. Ndani palikuwa na mchoro wa mwanamke, toka kifuani hadi mapajani, vibandiko viwili chini ya kitovu na viwili kiunoni nyuma. Juu yake paliandikwa: maumivu ya hedhi.

Alisoma ukurasa ule mara tatu. Kisha akainuka, akaenda chumba cha mazoezi, akaomba vijitabu vya zile mashine nyingine. Vyote vilibanwa palepale, ukurasa uleule, pini mbili mbili. Zilikuwa zimeshika kutu na kuacha alama ya kahawia kwenye karatasi, kwa hiyo halikuwa jambo la jana wala la juzi.

Basi akaanza kuhesabu, maana fundi akikasirika huhesabu. Alianza kuumwa akiwa na miaka kumi na mitatu, na sasa alikuwa na thelathini na mmoja. Siku mbili kila mwezi, miaka kumi na minane. Zilikuwa siku mia nne na ushee. Humo ndani mlikuwa na mtihani alioufanya akiwa ameuma kola ya shati asipige kelele. Mlikuwa na harusi ya kaka yake aliyoisikilizia chooni. Mlikuwa na siku alipokwenda kwa daktari wa hospitali hiihii anayoifanyia kazi, akapimwa, akaambiwa hana uvimbe wala ugonjwa, ni maumivu ya kawaida. Kawaida! Mwanamume akipinda mgongo kwa kuinua gunia, hakuna anayemwambia ni kawaida ya magunia. Na matroni, muuguzi mkuu wa hospitali, alimpigapiga begani mlangoni, akamwambia, "Ukizaa yatakwisha, mwanangu." Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa mita sitini kutoka pale walipokuwa wamesimama.

Sasa, karakana ile ilikuwa na sheria yake. Mashine yoyote inayopitisha umeme kwenye mwili wa mtu, fundi aipime kwenye mwili wake mwenyewe kabla haijamgusa mgonjwa. Aipime ikitoka matengenezo, na aipime kila mwezi hata kama haina neno. Kisha ajaze daftari kubwa lenye jalada gumu: namba ya mashine, hali yake, mahali palipopimwa, sahihi ya fundi, sahihi ya mkuu. Sheria nzuri, iliyotungwa na mtu mwenye akili. Lakini katika safu ile ya mahali palipopimwa, kurasa na kurasa, miaka na miaka, paliandikwa neno moja: mkono, mkono, mkono. Wengi wao hata mkono hawakuupima. Waliandika tu na kwenda zao kunywa chai.

Na mkuu alitia sahihi. Huyu aliitwa Mzee Muhuri, mtu mwema wa kusalimia na mvivu wa kusoma, mwenye kalamu kwenye mfuko wa shati na muhuri uliofungwa kwa kamba kwenye mkanda wa suruali. Ukimwekea karatasi mbele alisaini kabla hujaondoa mkono. Aliwahi kusaini orodha ya vitu vya kununua sokoni ambayo mkewe aliichanganya na makaratasi ya kazi, akaigonga na muhuri.

Siku yake ya pili ya maumivu mwezi huo ilipofika, fundi hakubaki nyumbani amelala. Alikuja. Mashine namba mbili ilikuwa bado kupimwa. Aliingia stoo, akabandika vibandiko kama mchoro unavyosema, akaipachika mashine kwenye mkanda chini ya koti la kazi, akazungusha kidogo kidogo kitufe chenye namba za nguvu ya umeme mpaka akasikia mwasho wa kutosha. Akarudi kwenye benchi. Baada ya nusu saa aligundua kwamba alikuwa amenyooka. Maumivu hayakuondoka yote, tusidanganyane. Yalikuwa bado yapo, lakini kama mtu aliyekuwa akikupigia kelele sikioni kahamia chumba cha pili. Alitengeneza mizani mbili siku hiyo. Jioni akiwa peke yake stoo alilia, na aliyemwona angedhani ni furaha, kumbe ilikuwa hasira tupu.

Katika daftari aliandika alichokifanya: "Namba 2. Nzima. Mahali palipopimwa: kiuno na tumbo, siku ya pili." Mzee Muhuri akasaini.

Hakupenda kuandika uongo katika daftari lile. Uongo aliokuwa nao ulikuwa mmoja, nao hakuuanzisha yeye. Mashine namba nne haikuwapo, kilibaki kijitabu chake tu. Karibu mwaka mmoja kabla, mkurugenzi wa hospitali aliumwa mgongo, akaichukua kwenda nayo nyumbani kwa wiki moja, na wiki hiyo ilikuwa bado haijaisha. Kila mwezi Mzee Muhuri alimnong'oneza, "Andika inatengenezwa, mama, tusitafutane ubaya." Naye aliandika. Mara kumi na moja alikuwa ameandika inatengenezwa, na kila mara alijiona mchafu.

Miezi kumi na moja ikapita. Kila mwezi alipima mashine tatu, na siku ya kupima aliichagua mwenyewe, maana sheria haikusema tarehe. Kila mwezi aliandika ukweli. Na katika miezi hiyo yote hakukosa kazini hata siku moja. Unadhani kuna aliyemuuliza, fundi, vipi, umepona? Hakuna. Walimwongezea kazi, na jina la Siku Mbili likabaki palepale.

Kisha akaja mkaguzi kutoka makao makuu, kijana mwenye miwani na ugonjwa wa kusoma. Alilisoma daftari lote. Akaenda kwa mkurugenzi, akamuuliza, bila ubaya wowote, hii "siku ya pili" ni kipimo gani, akasema atarudi Jumatatu kumalizia. Kesho yake fundi akakabidhiwa barua. Ametumia mali ya hospitali kwa starehe binafsi. Afike mbele ya kamati Alhamisi saa nne, atie sahihi kukiri kosa, na aandike upya kurasa kumi na moja, mahali palipopimwa pasomeke mkono. Akikataa, hana kazi.

Aliisoma tena ile "starehe binafsi," na meno yakamuuma kwa jinsi alivyoyakaza.

Jumatano jioni alimkuta mama yake akipiga pasi. Waliishi wawili katika vyumba viwili, na mshahara wa fundi ndio uliolipa paa lile. Akamsomea barua.

"Sasa si uandike tu mkono?" mama akasema, pasi ikienda na kurudi. "Mkono nao si mwili? Kazi ni kazi, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama, ile mashine inapunguza maumivu."

"Maumivu gani?"

"Haya yetu."

Mama akaisimamisha pasi. "Ya mwezi?"

"Ya mwezi."

"Hata yale ya kulala sakafuni?"

"Hata yale. Hayaishi, lakini unaweza kusimama."

Mama akakaa kitandani juu ya nguo alizokwisha kuzinyoosha, jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake yote. "Kitu chenyewe kimekuwepo tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa."

Mama akavuta shati moja alilolikalia, akaanza kulikunja. Huyu ndiye aliyemfundisha neno vumilia. Alimfundisha akiwa na miaka kumi na mitatu, huku akimkanda mgongo kwa kitambaa cha moto: vumilia, sote tumepita humu, uchungu wa mwanamke ni wa kumezwa.

"Unakumbuka kile kiwanda cha nguo?" mama akasema. "Nilikuambia niliacha mwenyewe, nikulee."

"Nakumbuka."

"Sikuacha. Walinifukuza. Msimamizi alisema hawezi kukaa na cherehani isiyo na mtu kila mwezi." Alikuwa hatazami popote. "Nilidhani kosa ni langu. Nilidhani mwili wangu ndio mbovu, na wewe nimekurithisha. Miaka yote hii, mwanangu, nakuona umelala pale chini, najisema moyoni, huyu nimemharibu mimi." Akainuka, akaichukua pasi. "Usiandike mkono."

Alhamisi saa nne. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na viti vya plastiki, isipokuwa kimoja cha mwisho chenye mto wa kuegemea mgongo. Hicho ni cha mkurugenzi. Kulia kwake alikaa matroni, miwani kifuani. Kushoto alikaa Mzee Muhuri, kalamu tayari mkononi ingawa hapakuwa na kitu cha kusaini. Daftari lilikuwa mezani.

Mkurugenzi alilifungua na kusoma kwa sauti, kwa madaha, kama mtu anayesoma mashairi ya mtoto. "Kiuno na tumbo, siku ya pili. Kiuno na tumbo, siku ya kwanza. Kiuno, siku ya pili, mvua inanyesha." Akainua macho. "Mvua nayo tunaipima?"

Mzee Muhuri alicheka kwa kuwa mkubwa katania. Matroni hakucheka.

"Fundi," mkurugenzi akasema, "hizi mashine ni za wagonjwa. Watu wana migongo. Watu wana maumivu ya kweli."

Fundi alikuwa amejiapiza njiani kwamba hatapaza sauti. Kiapo kikaishia pale. "Maumivu ya kweli yanafananaje, mzee? Yana ndevu?"

"Angalia mdomo wako."

"Nimeuangalia miaka kumi na minane! Niliumwa nikaambiwa kawaida. Nikatapika nikapewa jina la utani. Sheria inasema fundi apime kwenye mwili wake, kila mwezi, aandike mahali. Nimepima. Nimeandika. Nani mwingine kwenye daftari hilo alipima kweli? Mzee, waulize mafundi wako, huo mkono wanaouandika ni mkono wa nani?" Akatoa kitabu cha mahudhurio alichokiazima kwa karani, akakiweka juu ya daftari. "Na hiki hapa. Tazama kabla, tazama baada. Miezi kumi na moja sijakosa. Mliona? Mliona, mkaniongezea kazi!"

Hakuna aliyekigusa kitabu.

"Halafu hakuna aliyeniambia," akaendelea. "Maelekezo yapo, picha ipo, ukurasa wa kumi na nne. Mtu kaubana kwa pini. Vijitabu vyote vinne."

"Pini nilibana mimi," matroni akasema.

Kila mtu akamgeukia. Alikuwa anatazama jagi la maji.

"Zamani, mashine zilipokuja. Vijitabu vilikuwa vinazagaa pale chumba cha mazoezi, na wanaume wanapita. Nikaona ile picha siyo ya kuonwa na wanaume."

"Wanaume hawana hedhi, matroni. Uliwafichia picha. Sisi ulituficha dawa."

Mkurugenzi alijinyonganyonga kwenye mto wake, akasukuma barua ya kukiri mezani, na juu ya barua akaweka kalamu. "Tumesikia. Saini hapa. Kisha ukae na daftari uandike upya. Ama utoke na vitu vyako."

Fundi aliitazama ile kalamu. Kodi ya vyumba viwili ilikuwa humo, na dawa za presha za mama. Nyani haoni kundule, akawaza, lakini nyani huyu hata kiti chake kina mto. Akaichukua kalamu.

Mzee Muhuri akashusha pumzi. "Ahsante, mama. Yaishe."

Aliiacha barua, akalivuta daftari. Akafunua mpaka ukurasa wa mwezi huu, mstari wa mashine namba nne, ambapo kwa mwandiko wake mwenyewe paliandikwa inatengenezwa. Akalikata neno hilo kwa mstari mmoja, kama sheria ya daftari inavyotaka, ili lililokatwa lisomeke. Kando yake akaandika taratibu, kwa herufi kubwa. Akatia sahihi. Kisha akaligeuza daftari na kulisogeza mbele ya mkuu wake, kidole kikiwa kwenye safu ya sahihi ya pili, kama alivyofanya kila mwezi.

Na Mzee Muhuri, Mungu ampe afya, akasaini. Akavuta kamba ya mkanda, akapuliza muhuri, akagonga.

Mkurugenzi alinyoosha shingo kusoma. Akasoma kimya, midomo ikicheza. Safari hii hakusoma kwa sauti, kwa hiyo matroni alivaa miwani akawasomea wote:

"Namba 4. Haijawahi kuharibika. Inapimwa kiunoni mwa mkurugenzi, miezi ishirini na mbili sasa."

"Nani... wewe umesaini nini?" mkurugenzi akamuuliza Mzee Muhuri.

"Mimi?" mzee akasema, akachungulia, na jasho likaanza kumtoka. "Nimesaini... nilichowekewa."

"Chana ukurasa huo."

"Kurasa zina namba, mzee," fundi akasema. "Na mkaguzi anarudi Jumatatu. Huyu anasoma."

Barua ilibaki mezani bila sahihi, na hakuna aliyeitaja tena, siku ile wala baadaye. Ijumaa asubuhi dereva wa mkurugenzi alileta mfuko wa plastiki karakana. Ndani mlikuwa na mashine namba nne, betri zimevuja, vibandiko vimejaa nywele za mgongo. Wanaume wa karakana walikusanyika kutazama, na mmoja akasema, "Haya, Siku Mbili, kazi yako hiyo." Hakuitika. Akaita tena. Fundi aliendelea kusafisha kutu mpaka yule bwana akachoka, akasema, "Fundi." Hapo akageuka.

Mchana matroni akaja. Hajawahi kufika karakana. Alisimama mlangoni, akakwepa waya uliotandazwa sakafuni, mikono imefumbatwa mbele kama mtu aliyekuja kuomba msamaha bila kujua pa kuanzia.

"Binti yangu wa mwisho," akasema. "Ana miaka kumi na sita. Jana walimu wamenipigia simu nikamchukue. Kalala chini darasani." "Ule umeme uliuweka namba ngapi?"

Hasira ikampanda fundi toka miguuni. Alitaka kumuuliza mwaka gani alibana zile pini, na ni wanawake wangapi aliowapigapiga mabega tangu siku hiyo, na kama huyo binti naye aliambiwa akizaa yatakwisha. Alitaka kumtajia kiwanda cha nguo. Badala yake akavuta droo, akatoa kikopo cha skrubu, akaushika mkono wa matroni, akaukunjua na kumimina ndani yake pini nane zenye kutu, zile za vijitabu vinne.

"Zihesabu," akasema.

Matroni akazihesabu, moja moja, kwa sauti, machozi yakimdondoka juu ya kiganja. Alipofika nane, fundi alimvutia kiti, akafungua kijitabu ukurasa wa kumi na nne, akamwambia namba.